PlanetSide 2: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji Wapya

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki kwenye gumzo la vikosi, mengi yakiwa ya watu waliocheza siku moja, wakafa kama nzi, na wanataka kujua kama tatizo ni lao au ni la gemu. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta aliyekwisha zoea. Majina ya askari, magari na mabara yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipate shida kuyatafuta ukiwa ndani.

## Kabla hujaingia

PlanetSide 2 ni gemu ya aina gani hasa?

Ni gemu ya kufyatua risasi unayoiona kwa macho ya askari, inayochezwa mtandaoni tu, kwenye sayari ya kubuni iitwayo Auraxis. Ilitoka Novemba 2012, ikiirithi PlanetSide ya kwanza ya mwaka 2003. Majeshi matatu yanagombea mabara: Terran Republic, New Conglomerate na Vanu Sovereignty. Kisa chenyewe ni cha binadamu waliopita kwenye tundu la anga, tundu likafungika nyuma yao, kisha wakagawanyika. Terran Republic wanataka utawala mmoja wenye mkono wa chuma, New Conglomerate ni waasi wanaodai uhuru, na Vanu Sovereignty wanaamini mustakabali wa binadamu umo kwenye teknolojia ya viumbe wa kale waliowahi kuishi hapo.

Kinachoitofautisha na gemu nyingine za risasi ni ukubwa. Hakuna mechi ya watu kumi kwa kumi inayoisha baada ya dakika chache. Bara zima ni uwanja mmoja wa vita, na mamia ya watu wanapigana humo kwa pamoja, wengine kwa miguu, wengine ndani ya vifaru, wengine angani. Tarehe 24 Januari 2015 wachezaji 1,158 walikusanyika kwenye pambano moja, na Guinness World Records wakaliandika kuwa rekodi ya gemu za aina hii.

Ni bure kweli, au kuna mtego?

Kuipakua na kuicheza ni bure. Unaweza kulipia uanachama unaokuongezea kasi ya kupanda ngazi, au kununua silaha na mapambo kwa sarafu ya ndani iitwayo Daybreak Cash. Kama hofu yako ni kwamba mwenye pesa atakushinda kwa pesa, nenda kwenye swali la silaha za kununua, chini ya sehemu ya maendeleo.

Inachezwa kwenye mashine gani?

Kompyuta ya Windows na PlayStation 4, iliyoipata mwaka 2015. Wachezaji wa mashine hizi mbili hawakutani. Kila upande una seva zake na wahusika wake. Kama una rafiki unayetaka kucheza naye, kubalianeni mashine kwanza.

Kwa upande wa kompyuta, jambo moja huwashangaza wengi: gemu hii hula prosesa kuliko kadi ya michoro. Watu mia wakijazana kwenye kambi moja, prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Kwa hiyo ukiona picha inakatakata, anza kwa kuzima vivuli. Kupunguza ubora wa sura za vitu hakusaidii sana kama mzigo uko kwenye prosesa.

Nichague jeshi lipi?

Chagua walipo rafiki zako. Huna rafiki humo? Chagua rangi unayoipenda: nyekundu na nyeusi kwa Terran Republic, buluu na dhahabu kwa New Conglomerate, zambarau kwa Vanu Sovereignty. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu tofauti za silaha zipo lakini hazikubebi wala hazikuangushi. Terran wana bunduki zenye risasi nyingi na mwendo wa haraka. New Conglomerate wana bunduki nzito, kila risasi ikiumiza zaidi lakini zikitoka polepole na kurusha mkono. Vanu wana silaha za nishati ambazo nyingi ni rahisi kuzituliza.

Mhusika mmoja ni wa jeshi moja tu, ila akaunti moja inaweza kuwa na wahusika kadhaa. Onja yote matatu kabla hujaanza kukusanya mali kwa mmoja, maana anachochuma mhusika huyu hakimfikii mwingine.

Na wale roboti wa kijivu ni akina nani?

Hao ni Nanite Systems Operatives, askari wa kukodiwa. Hawana dola yao. Hupelekwa kusaidia jeshi lenye watu wachache wakati huo. Leo utapigana bega kwa bega na watu, kesho uwapige. Ni nafasi nzuri kwa anayependa mapambano magumu, lakini mgeni hatajifunza ramani wala kujenga urafiki kwa kuhamahama namna hiyo. Anza na jeshi lenye makazi.

## Jinsi vita vinavyokwenda

Nikiingia nakufa kila baada ya sekunde chache. Nakosea wapi?

Kosa kubwa la mgeni halihusiani na shabaha. Ni kupigana mahali ambapo pambano limeshaamuliwa. Anafufuka ndani ya chumba cha kambi iliyokwisha zingirwa, anatoka mlangoni, vifaru vitatu vinamsubiri, anakufa, anarudi palepale. Ndani ya nusu saa anaamini gemu nzima ni hiyo.

Ukishakufa mara mbili kwa namna ileile, fungua ramani. Inakuonyesha wapi kuna mapambano na asilimia ya watu kwa kila jeshi katika eneo. Tafuta pambano lililo karibu na nusu kwa nusu, ufufukie huko. Kuhama hakukugharimu kitu. Wachezaji wazoefu wanahama mara nyingi kuliko unavyodhani, na hiyo ndiyo sababu wanaonekana hawafi.

La pili ni kutembea katikati ya uwanja ulio wazi. Mabara haya ni makubwa, na mlenga shabaha yuko kilimani hata kama humwoni. Pita kwenye miamba, kaa na kuta, na ukiona wenzako wote wamejibanza upande mmoja, jua wana sababu.

Kwa nini siwezi kuteka kambi fulani hata nikisimama kwenye pointi yake ya kutekea?

Kwa sababu haijaunganishwa na eneo lenu. Ukifungua ramani utaona mistari inayounganisha kambi na kambi. Jeshi linaweza kuteka kambi ile tu iliyo jirani, kwa mstari, na kambi wanayoimiliki tayari. Mistari hiyo ndiyo inayowakutanisha watu. Bila hiyo kila jeshi lingezunguka kuteka kambi tupu.

Kuanzia hapo mambo ni mepesi. Unasimama kwenye pointi mpaka ibadilike rangi, kisha saa inaanza kuhesabu kuelekea upande wenu. Kambi ndogo ina pointi moja. Kubwa ina kadhaa, na kadiri mnavyoshika nyingi ndivyo saa inavyowaelekea. Saa inakwenda kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo pambano lenyewe: wavamizi wanajifungia kwenye pointi, wenyeji wanajaribu kuingia.

Kambi kuu, yaani Bio Lab, Amp Station na Tech Plant, zina kazi ya ziada. Milango yake ya magari na baadhi ya njia hulindwa na ngao za nishati zinazowashwa na jenereta. Ukilipua jenereta, ngao inazimika. Wageni huzipita jenereta hizi bila kuziangalia, wakati mtu mmoja aliyejipenyeza na kuzima moja anaweza kufungua njia kwa safu nzima ya vifaru.

Kuna mshindi kweli, au vita haviishi?

Vita haviishi, lakini bara huwa na mshindi wake. Mambo yakifika hatua fulani tahadhari hulia, saa huwekwa, na inaweza kwenda hadi dakika 90. Jeshi lenye eneo kubwa muda ukiisha hulifunga bara kwa jina lake, na watu wanahamia bara jingine. Mabara yako matano: Indar ya jangwa, Esamir ya barafu, Amerish ya milima, Hossin ya misitu ya kinamasi, na Oshur ya visiwa iliyoongezwa 2022.

Dakika za mwisho za tahadhari ndizo tamu kuliko zote. Kambi moja inaweza kuamua bara, na kila mwenye kikosi anakimbilia hapo.

Watu wanapiga kelele "Sunderer! Sunderer!" Ni kitu gani?

Ni gari kubwa la kubeba askari 12, na kama kuna jambo moja la kushika kwenye ukurasa huu, lishike hili. Sunderer ikishaegeshwa na kufunguliwa, kila askari wa jeshi lenu aliye karibu anaweza kufufukia kwake. Wavamizi hawana chumba cha kufufukia ndani ya kambi ya adui. Wanachotegemea zaidi ni Sunderer zao. Ikilipuka ya mwisho, waliobaki kwenye pointi wakifa hawarudi, na pambano la watu hamsini linayeyuka ndani ya dakika mbili. Nimeona mashambulizi yenye askari hodari wa kila aina yakikatika kwa sababu hakuna hata mmoja aliyebaki nje kulinda gari.

Kwa hiyo namna ya kuiegesha inastahili maelezo. Usiipeleke barabarani mbele ya lango, hapo ndipo kila kifaru cha adui kitakapopita. Zunguka kambi kwanza ukiwa mbali. Tafuta jengo dogo la pembeni au mwamba wenye kina, upande ambao adui hatarajii, mahali ambapo askari atakayefufuka atakimbia sekunde kama kumi au kumi na tano kufika kwenye pointi akiwa amefichwa njia nzima. Ingiza gari kinyumenyume ili mgongo na ubavu mmoja vilindwe na jiwe, halafu lifungue. Gemu haitakuruhusu kufungua ukiwa karibu mno na pointi. Ukikataliwa, rudi nyuma kidogo. Kisha shuka, badilika uwe Engineer, tega mabomu ya kifaru kwenye njia pekee ambayo gari la adui linaweza kuijia, na ukae. Ndiyo, ukae. Utakarabati, utasikia mtu akitua juu ya paa na vilipuzi mkononi, utamgeuzia bunduki. Huko ndani watu wanahesabu waliowaua, lakini wote wanafufukia kwako.

Gemu inakulipa kwa kazi hii pia. Kila anayefufukia kwenye gari lako anakuletea pointi za uzoefu.

## Askari na silaha

Nianze na askari yupi?

Wako sita na unaweza kubadilika kila unapofufuka. Jibu langu kwa mgeni ni Combat Medic au Engineer, na sababu ni kwamba hawa wawili wanachuma hata wasipomwua mtu. Medic anawafufua walioanguka palepale walipo, hawahitaji kurudi mpaka kwenye Sunderer. Engineer anagawa risasi na kukarabati kila kitu cha chuma.

Tazama pointi iliyo ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Mlangoni wameanguka askari watano. Medic mbaya anarukia wa kwanza aliye kizingitini na kufia juu yake. Medic mzuri anaanza na aliyeanguka ndani zaidi, nyuma ya ukuta, hasa kama naye ni Medic. Sasa wako wawili, wanawainua wengine wawili, na chumba kilichokuwa kimepotea kinasimama tena.

Heavy Assault ndiye askari wa mstari wa mbele, mwenye bunduki nzito, roketi na ngao ya ziada anayoiwasha mwenyewe. Light Assault anaruka kwa mitambo ya mgongoni, na anafika kwenye mapaa na madirisha ambayo wengine hawayafikii. Infiltrator anajificha asionekane vizuri, analenga kutoka mbali na kudukua mitambo ya adui. Ni wa kuvutia, lakini mgeni akijificha kilimani na bunduki ya mbali atakaa saa nzima bila kujifunza jinsi kambi inavyotekwa.

Na MAX?

MAX ni askari ndani ya deraya la mashine, mwenye silaha mikono yote miwili. Anagharimu nanites 450, yaani malipo ya ndani ya vita yanayoelezwa chini ya magari na ndege, na hawezi kujikarabati kwa chombo kama anavyofanya Engineer kwa wengine. Usimchukue kama huna Engineer wa kukufuata nyuma.

Mbona namwahi adui na bado ananimaliza yeye?

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Askari wa kawaida ana afya 500 na ngao 500, jumla 1,000, bila kuhesabu vifaa vya kinga. T1 CARV, bunduki ya Terran, kwa karibu, inaumiza 143 kwa risasi moja na kutoa risasi 750 kwa dakika. Ukimpiga kifuani unahitaji risasi 7, yaani karibu nusu sekunde. Kichwani madhara huwa maradufu: risasi 4 zinatosha, kama robo sekunde. Aliyekuwahi kwa risasi mbili za kifua bado anashindwa na anayelenga kichwa.

Kwa hiyo inua shabaha usawa wa shingo na uache bunduki ikupandishie yenyewe hadi kichwani. Fyatua kwa vipande vifupi adui akiwa mbali, kwa sababu mrusho unakutawanya na madhara ya risasi yanapungua kadiri masafa yanavyoongezeka. Na kama mpinzani ni Heavy Assault aliyewasha ngao, usimkabili uso kwa uso, kula kona na umsubiri izimike.

## Magari na ndege

Nanites ni nini na kwa nini zinaniishia?

Ndizo unazolipia magari, MAX na mabomu. Kiwango cha juu ni 750, na kwa asiye mwanachama huongezeka 50 kwa dakika, kwa hiyo kutoka sifuri hadi kujaa ni dakika 15. Haziwekwi akiba zaidi ya hapo, wala hazihusiani na pesa halisi. Kuzitumia hovyo kwa kifaru kimoja ni kujinyima Sunderer mbili baada ya hapo.

Nichukue kifaru au nijaribu ndege?

Kifaru, ndiyo, lakini panda kwanza kama mpigaji wa pili kwenye kifaru cha mtu mwingine. Utajifunza wapi vinasimama na wapi vinakufia. Lightning ni kifaru chepesi unachokiendesha na kukipigisha peke yako. Vifaru vikubwa, Prowler, Vanguard na Magrider, vinafaa zaidi mkiwa wawili. Kifaru kilichosimama peke yake mbele ya askari wa miguu hakidumu. Light Assault mmoja mwenye vilipuzi anakiruka juu na kukimaliza.

Ndege za mtu mmoja ni ngumu. Marubani waliomo wamekuwa humo kwa miaka, na uendeshaji una mbinu ambazo huwezi kuzibahatisha. Jizoeze kwenye VR Training, uwanja wa mazoezi wa gemu, kwanza. Njia nzuri ya kuonja anga ni Galaxy, inayobeba watu 12 na kuwaangusha juu ya kambi. Kuruka kutoka tumboni mwake na kikosi kizima, ardhi ikikujia kwa kasi, hakuna gemu nyingine iliyonipa kitu kama hicho.

## Maendeleo na vikosi

Certs zangu za mwanzo nizitumie wapi?

Kila pointi 250 za uzoefu hukupa cert moja, na certs ndizo unazonunulia silaha na maboresho. Usikimbilie bunduki mpya. Boresha chombo cha Medic au cha Engineer ngazi chache za mwanzo, ambazo ni rahisi na zinakurudishia haraka. Kisha vilipuzi na vifaa vya Sunderer. Bunduki nyingi zinafika certs 1,000, na kabla ya kununua unaweza kuzijaribu zote VR Training bila gharama.

Silaha za kununua zinashinda za bure?

Hapana. Bunduki za kuanzia, kama CARV, Orion na Gauss SAW, ni kati ya zinazopendwa na wakongwe. Gauss SAW inaumiza 200 kwa risasi, tano zinamwangusha mtu kwa karibu. Pesa inakununulia muda na aina tofauti ya bunduki.

Naweza kucheza peke yangu?

Unaweza, ila utakosa nusu ya gemu. Skwadi ina watu 12, na skwadi nne ni platuni ya watu 48. Jiunge na skwadi ya wazi tangu siku ya kwanza, hata kama huna maikrofoni. Kusikiliza kunatosha.

## Mambo yanayotatanisha

Nimeuawa nikiwa nimeshajificha nyuma ya ukuta. Huyu ni tapeli?

Mara nyingi siyo. Gemu hii huamua risasi imempata nani kwa kufuata anachokiona mpigaji kwenye kompyuta yake. Kwake bado ulikuwa wazi. Taarifa imekufikia ukiwa umeshaingia kona. Kadiri mmoja wenu anavyokuwa mbali na seva, ndivyo pengo linavyokua. Ndiyo maana kuchungulia na kurudi palepale kunakuua kuliko kutoka na kusogea. Chagua seva iliyo karibu nawe.

Mbona askari wa mbali wanapotea ghafla machoni?

Watu wakijazana, gemu hupunguza idadi inayochorwa na kuanza kuwaacha walio mbali. Siyo hitilafu ya kompyuta yako. Sogea karibu.

Silaha yangu imefungwa. Nimefanya nini?

Umewapiga wenzako. Risasi huumiza hata wa jeshi lako, kila tukio linahesabiwa, na hesabu ikizidi silaha zako hufungwa kwa muda. Angalia rangi kabla ya kufyatua na usirushe mabomu kwenye mlango wenye msongamano wa wenzako. Mtu akikukimbilia mbele ya bunduki kwa makusudi, hama tu.

Tumebanwa kwenye chumba cha kufufukia na hatuwezi kutoka. Tufanye nini?

Tokeni, lakini siyo kwa mlango. Ngao ya chumba inawalinda, na kuua kutoka ndani kunadanganya kwamba mnapigana, huku saa ya kambi ikiendelea. Kama kuna lifti au kipitishio cha kwenda chumba kingine, kitumieni wote kwa wakati mmoja. Kama hakuna, mmoja arudi kambi ya nyuma, achukue Sunderer na kuiegesha upande ambao wavamizi wameupa mgongo, kama ilivyoelezwa kwenye swali la Sunderer. Watu wanane wakitokea huko, vifaru vilivyokuwa vinalenga mlango vitalazimika kugeuka, na wa ndani wapate nafasi ya kutoka. Na kama walinzi ni wachache kuliko robo ya watu wote waliopo, iacheni kambi hiyo. Jipangeni kwenye inayofuata kwa mstari kabla hawajafika.